Uliachishwa jeshi la Marekani kwa tuhuma za dawa za kulevya, na sasa uko Lubumbashi: namna ya kukata rufaa hatua kwa hatua

Barua ya kukataliwa rufaa huja kwa barua pepe, kurasa tano au sita za Kiingereza. Kijana ananiletea hapa komini ya Kamalondo, Lubumbashi, ikiwa ndani ya simu yenye kioo kilichopasuka. Ni kijana wa hapa hapa: alipata viza ya lotari, akaenda Marekani, akaingia jeshi, mkojo wake ukasemekana una dawa, akaachishwa, akarudi kwa wazazi. Mimi ninatafuta mstari mmoja tu kwenye hiyo barua, ule unaoorodhesha alicholeta mwombaji. Karibu kila mara umeandikwa hivi: fomu, na maelezo yake mwenyewe. Basi.

Wa mwisho aliniambia: "Yaya, niliomba msamaha vizuri kabisa." Ni kweli, aliomba vizuri. Sisi tumelelewa hivyo: mkubwa akikukasirikia unainama, na wazee wanakuja kukusemea. Baraza la rufaa la Marekani halipokei magoti. Lina maswali mawili. La kwanza, je, jeshi lilivunja kanuni zake lilipokuachisha? La pili, hata kama halikuvunja, je, adhabu ile ni ya haki ukipima utumishi wako wote, hali yako ya wakati ule na maisha yako tangu hapo? Yote mawili yanajibiwa kwa karatasi. Usipoleta karatasi, baraza linachukulia kwamba jeshi lilifanya kazi yake sawasawa, na hapo rufaa imekwisha.

Mwongozo huu ni wa walioachishwa kwa njia ya utawala, yaani kamanda ndiye aliyeandika barua za kukutoa. Aliyehukumiwa na mahakama kuu ya kijeshi apite moja kwa moja kwenye baraza la pili nitakalolitaja chini.

## Kusanya haya kwanza

- Cheti cha kuachishwa, DD 214, nakala ndefu.
- Faili lako la utumishi na faili la matibabu.
- Dosie yote ya kuachishwa, pamoja na fomu ya kipimo cha mkojo, DD 2624.
- Tathmini, medali, vyeti vya mafunzo: chochote kinachoonyesha ulivyotumika kabla ya kipimo.
- Cheti cha mwenendo mwema kutoka komini yako, na karatasi ya rekodi ya jinai kutoka parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka.
- Barua za mashahidi wanne au watano.
- Barua pepe usiyoipoteza, skana nzuri, na diski ya kuhifadhi kila kitu.

Kuomba ni bure. Fomu hazilipiwi, baraza halilipwi. Mtu akikuambia kuna "ada ya kufungua dosie Washington," ondoka hapo.

## Hatua ya 1: Soma nusu ya chini ya DD 214

Wengi wananionyesha nakala fupi, ile isiyo na sababu ya kuachishwa. Hiyo haitoshi. Unayoitaka ni ndefu, ambayo mara nyingi ina maneno MEMBER-4 pembezoni chini.

Tazama visanduku vitano. Cha 24 kina hadhi ya utumishi wako: HONORABLE, au GENERAL, UNDER HONORABLE CONDITIONS, au UNDER OTHER THAN HONORABLE CONDITIONS. Cha 25 ni kanuni iliyotumika. Cha 26 ni msimbo wa kuachishwa. Kwa jeshi la nchi kavu utaona mara nyingi JKK. Cha 27 ni msimbo wa kurudi jeshini. Cha 28 ni sababu kwa maneno, na kwako itakuwa MISCONDUCT ikifuatiwa na DRUG ABUSE.

Kwa nini tunaanza hapa? Kwa sababu kila kisanduku ni ombi peke yake. Kijana mmoja aliomba hadhi ibadilishwe kuwa ya heshima, akasahau kisanduku cha 28. Angeshinda, angebaki na karatasi inayomtangaza mtumiaji wa dawa kwa kila mwajiri anayeisoma.

Kisanduku cha 24 kina uzito mwingine. Msaada wa kusoma chuo unaotolewa kwa waliotumika baada ya mwaka 2001 unataka HONORABLE kamili. Mwenye GENERAL anapata matibabu na mambo mengine, lakini si huo.

Umefaulu hatua hii ukiweza kuandika kwa sentensi moja visanduku gani unataka vibadilike na viwe nini.

## Hatua ya 2: Omba faili zima kabla ya kuandika neno lolote

Rekodi za waliotoka jeshini huombwa kwa fomu SF 180 au kwa mtandao kupitia kituo cha rekodi za wanajeshi kilichoko St. Louis, Missouri. Kama akaunti yako ya milConnect, tovuti ya rekodi za wanajeshi, bado inafunguka, anzia huko, kwani karatasi nyingi utazishusha mwenyewe. Usiombe "rekodi zangu" kwa jumla. Taja kwamba unataka faili la utumishi, faili la matibabu, dosie ya kuachishwa na nyaraka za kipimo cha dawa pamoja na ripoti ya maabara.

Chagua kutumiwa kwa njia ya mtandao. Posta ya kuja Lubumbashi usiiweke kwenye mpango. Ukilazimika kutoa anwani ya posta, tumia ya ndugu aliyeko Marekani anayefungua barua siku ileile na kukupigia picha kila ukurasa.

Majibu yanaweza kuchukua miezi. Subiri. Anayetuma rufaa bila dosie anapigana na mtu asiyemwona.

Umefaulu ukiwa na barua ya kamanda ya kukuarifu kwamba anataka kukutoa, karatasi uliyosaini kuchagua haki zako, mapendekezo ya wakubwa, na DD 2624.

## Hatua ya 3: Kipimo chenyewe

Hapa kaa muda mrefu. Chukua kalamu nyekundu.

Kumbuka siku yenyewe ilivyokuwa. Mtu wa jinsia yako alitakiwa kuona mkojo ukitoka mwilini na kuingia chupani. Chupa isiondoke machoni pako mpaka ifungwe na kubandikwa kizuizi. Lebo ina namba yako, nawe unaweka herufi za jina lako kuthibitisha. Kuna daftari ulilosaini, na aliyekutazama akasaini. Baada ya hapo DD 2624 inaandika kila mkono ulioishika chupa, tarehe na sababu, mpaka maabara.

Jioni moja tuliweka karatasi tatu mezani na yule wa simu iliyopasuka: daftari, fomu na ripoti ya maabara. Tulisoma namba yake tarakimu moja moja, yeye akitamka, mimi nikigusa kwa kidole. Kwenye karatasi mbili zililingana. Kwenye ya tatu, 6 ilikuwa imeandikwa juu ya tarakimu nyingine, bila herufi za mtu aliyesahihisha. Alikuwa amekaa na karatasi hizo nyumbani kwa miezi bila kuliona hilo. Kosa kama hili pekee huenda lisifute kipimo, lakini ni hoja yenye ukurasa na mstari, nayo ina uzito kuliko machozi ya kurasa tatu.

Angalia mambo manne:

Namba, herufi na tarehe. Zilingane kila mahali. Pengo kati ya mikono miwili, chupa ikiwa haina mwenyewe kwa usiku mzima, liandike.

Kiwango. Bangi hupimwa mara mbili. Kipimo cha kwanza kina mpaka wa nanogramu 50 kwa mililita, na cha kuthibitisha, kinachofanywa kwa mashine ya namna nyingine, kina mpaka wa 15. Kama ripoti haina cha pili, hilo ni tatizo kubwa la jeshi.

Dawa za hospitali. Hili linawagusa watu wetu mno. Mwanajeshi anakuja likizo, anakohoa, anaingia famasi ya mtaani katika komini ya Kenya au Katuba hapa Lubumbashi, anapewa sirapu au vidonge vyenye kodeini bila ordonansi ya daktari, anarudi kambini na kupimwa. Kodeini imo kwenye orodha ya vipimo vya jeshi. Tafuta risiti, kifurushi, daktari aliyekuona, tiketi ya ndege inayoonyesha tarehe. Kisha angalia kwenye dosie kama daktari wa kukagua matokeo aliulizwa lolote kuhusu dawa zako.

Msimbo wa sababu ya kupimwa. Uko kwenye DD 2624, herufi mbili. IR na IU ni ukaguzi wa kawaida. PO ni kwamba kulikuwa na sababu ya kisheria ya kukushuku. Ukiona CO, simama. Hicho ni kipimo cha kamanda aliyetaka tu kujua kama uko sawa kwa kazi. Kwa kanuni za jeshi la nchi kavu, AR 600-85 na AR 635-200, matokeo ya namna hiyo yanalindwa. Linalindwa pia lile ulilosema ulipojipeleka mwenyewe kuomba matibabu kabla hujakamatwa. Upande wa jeshi ukiyaingiza kwenye dosie ya kukutoa, hadhi yako ilipaswa kuwa HONORABLE, bila mjadala. Nawaomba, msiruke herufi hizo mbili.

## Hatua ya 4: Je, walikutoa kwa kufuata njia?

Soma barua ya kukuarifu. Ilitaja kosa gani, na hadhi mbaya kabisa ambayo ungeweza kupata? Ulipewa nafasi ya kuonana na wakili wa jeshi? Saini ni yako?

Aliyekuwa na miaka 6 au zaidi ya utumishi alikuwa na haki ya kusikilizwa na kikao cha maafisa. Ndivyo ilivyo pia kwa yeyote aliyependekezewa OTHER THAN HONORABLE, hata angekuwa na mwaka mmoja. Kama hukupewa kikao, tafuta karatasi ya kukikataa yenye saini yako. Isipokuwepo, una hoja nzito.

## Hatua ya 5: Kama ulitumia kweli

Rufaa haijafa. Hapa swali la pili, la haki, ndilo linalobeba.

Waraka wa Wizara ya Ulinzi wa tarehe 25 Agosti 2017, uliosainiwa na A. M. Kurta, unaagiza mabaraza yawapime kwa mkono mpana wenye majeraha ya akili ya vita, majeraha ya kichwa, magonjwa mengine ya akili, au waliodhulumiwa kingono jeshini. Una maswali manne, nawe uyajibu kwa mpangilio huohuo: Ulikuwa na hali au tukio linaloweza kupunguza uzito wa kosa? Lilikuwepo ukiwa jeshini? Kweli linapunguza uzito? Linazidi sababu ya kukutoa?

Waraka wa Robert Wilkie wa tarehe 25 Julai 2018 unazungumzia huruma na haki kwa upana, na unataja bangi yenyewe. Unasema bado ni marufuku jeshini, lakini inaweza kuonekana leo kuwa kosa jepesi kuliko miongo iliyopita, ikipimwa pamoja na mengine. Unaweka pia uzito kwenye maisha ya baada ya jeshi.

Daktari wa magonjwa ya akili wa hapa Lubumbashi anaweza kukuandikia ripoti. Akuchunguze kweli, na aeleze hali ilianza lini na inahusianaje na ulichofanya. Ripoti ya Kifaransa itafsiriwe Kiingereza, na mtafsiri aandike chini kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi.

Na ndugu zangu, acheni aibu. Najua kwetu mtu akisema halali usiku, anaambiwa amerogwa au amelegea. Kijana aliyeona wenzake wakifa halafu akavuta ili apate usingizi hana cha kuficha mbele ya baraza hili.

## Hatua ya 6: Onyo, kabla hujaandika "nilivuta"

Kama wewe si raia wa Marekani, usikiri kwa maandishi kabla ya kuongea na avoka wa mambo ya uhamiaji. Kukiri matumizi ya dawa za kulevya kunaweza kukufungia mlango wa kuingia Marekani hata kama hakuna mahakama iliyokuhukumu. Sheria ya serikali kuu bado inaikataza bangi, hata katika majimbo yanayoiuza dukani. Mwenye kadi ya ukaaji aliyekaa nje zaidi ya siku 180 huhesabiwa anaporudi kama mtu anayeomba kuingia upya, na aliyepitisha mwaka ana shida kubwa zaidi.

Aliyepata uraia kupitia jeshi naye awe makini. Sheria inaruhusu kuuondoa kwa mtu aliyeachishwa kwa hadhi isiyo ya heshima (UNDER OTHER THAN HONORABLE CONDITIONS) kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima. Kwa mtu huyo rufaa hii ni ngao ya uraia wake.

Hapa sisemi udanganye. Uongo kwenye fomu hizi ni kosa la jinai. Nasema wakili achague hoja zipi zisimame mbele. Mara nyingine dosie inasimama yote juu ya makosa ya utaratibu.

Msaada wa bure upo. American Legion na DAV, vyama vya maveterani, huwakilisha waombaji; NVLSP, shirika la msaada wa kisheria kwa maveterani, na kliniki za sheria za vyuo vikuu huchukua baadhi ya kesi. Waandikie mapema, kwa barua pepe fupi yenye DD 214.

## Hatua ya 7: Maelezo na mashahidi

Maelezo yako yasizidi kurasa tatu. Anza na unachotaka. Kisha hoja moja moja, kila moja na namba ya kiambatisho chake. Msamaha, kama upo, uwe aya moja.

Shahidi mwenye thamani ni yule aliyeona. Sajenti wako wa zamani anapita askofu asiyejua ulifanya nini jeshini. Wa hapa nyumbani waseme mambo yanayoshikika: mwajiri aandike umefanya kazi tangu lini na unashika funguo za ghala, shefu wa mtaa aandike unaishi wapi na nani. "Ni kijana mwema, mcha Mungu" haimsaidii mtu.

Wengi wanapoteza pesa kwa notere bila sababu. Sheria ya Marekani inakubali tamko lililosainiwa nje ya nchi bila muhuri, mradi liwe na sentensi hii ya Kiingereza, kisha tarehe na saini: "I declare under penalty of perjury under the laws of the United States of America that the foregoing is true and correct." Inakili kama ilivyo, neno kwa neno, na shahidi aelezwe maana yake kabla hajasaini: anaapa, na akidanganya anaweza kushitakiwa.

## Hatua ya 8: Chagua baraza, jaza fomu

Baraza la kwanza, la kupitia upya kuachishwa, utaliona kwa herufi DRB. Fomu yake ni DD 293, na una miaka 15 tangu siku ya kuachishwa. Linaweza kubadili hadhi na sababu. Haliwezi kukurudisha kazini, wala kukuwekea hadhi mbaya kuliko uliyo nayo, kwa hiyo usiogope kujaribu.

Baraza la pili, la kusahihisha rekodi, ni BCMR kwa nchi kavu na anga, na BCNR kwa majini na Marines. Fomu ni DD 149. Muda ni miaka 3 tangu ulipogundua kosa, ingawa linaweza kusamehe kuchelewa ukieleza sababu. Kama miaka 15 haijaisha, anza na la kwanza.

DD 293 inauliza unataka dosie isomwe tu, au ufike mwenyewe. Ushauri wangu kwa wengi: anza na kusomwa. Ukikataliwa bado unaweza kuomba kusikilizwa ndani ya miaka 15. Ukianza na kusikilizwa, huwezi kurudi nyuma. Lakini kama kesi inategemea kuaminiwa kwako, na miaka inakaribia kuisha, omba kusikilizwa moja kwa moja.

Usiwasilishe kabla ya kusoma maamuzi ya zamani. Yamewekwa wazi kwenye boards.law.af.mil, majina yakiwa yamefutwa. Tafuta yenye msimbo wako, soma matano yaliyoshinda, uone waliambatisha nini.

Tuma kwa mtandao pale tawi lako linaporuhusu, PDF moja iliyopangwa, kurasa zikiwa na namba. Saini fomu: isiyosainiwa hurudishwa. Umefaulu ukipata namba ya kesi. Iandike kwenye daftari, si kwenye simu tu.

## Hatua ya 9: Siku ya kusikilizwa

Wajumbe hawapungui watatu, na wengi wao wakikubali umeshinda. Omba ufike kwa video. Kikao cha saa tatu asubuhi kule Arlington ni saa kumi alasiri kwetu wakati wao wa baridi, na saa tisa alasiri wakati wao wa kiangazi. Hesabu mara mbili.

Umeme ukikatika katikati ya jibu lako hakuna atakayejua. Kwa hiyo usitegemee nyumbani: tafuta mahali penye jenereta, uwe na simu ya pili yenye data ya mtandao mwingine, na mtu wa kukaa nje ya mlango. Jibu ulichoulizwa. Ukihitaji mkalimani, sema miezi kabla.

## Hatua ya 10: Jibu

Mara nyingi huchukua mwaka au zaidi. Ukikataliwa, soma sababu moja moja, kwani ndiyo orodha ya kile kilichokosekana. Kisha omba kusikilizwa kama hukusikilizwa, au nenda baraza la pili na ushahidi mpya. Aliyeachishwa tangu tarehe 20 Desemba 2019 na amemaliza mabaraza yote mawili ana ngazi ya tatu, baraza la mwisho la rufaa za kuachishwa, kwa herufi DARB, na siku 365 za kuiomba tangu uamuzi wa mwisho.

Ukishinda, utatumiwa DD 214 mpya. Usiwapigie watu simu bado. Kaa na kalamu ileile nyekundu. Kisanduku cha 24: HONORABLE. Cha 26: JFF. Cha 28: SECRETARIAL AUTHORITY, maneno yasiyomwambia mwajiri lolote kuhusu dawa. Cha 27 mara nyingine hubaki kama kilivyokuwa, na kwa asiyetaka kurudi jeshini hakina madhara. Tarehe za utumishi na jina lako visomwe pia, herufi kwa herufi; majina yetu huandikwa vibaya, na DD 214 yenye Ilunga aliyegeuzwa Ilung itakusumbua ofisi ya maveterani kama ile ya zamani. Ukikuta kosa, liandikie baraza wiki hiyohiyo, ukiambatisha pasipoti.